Cheni inakazwa, inalegea tena: fanya hivi

Ndugu yangu, umesema pikipiki yako ya Boxer, ya njia ya Mbagala–Posta, inagonga cheni, fundi ameikaza mara mbili na kelele imerudi. Usiikaze tena kwanza.

Weka stendi kubwa, zima injini, gia iwe nyutro. Zungusha tairi la nyuma taratibu kwa mkono huku ukiinua cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili (yale magurudumu yenye meno yanayoshika cheni). Ikicheza kama sentimita 2 hadi 3 kila mahali, iko sawa. Lakini ikiwa sehemu moja inalegea na nyingine inakaza, cheni imechoka, na spana haitaiponya. Kuivuta zaidi kunaumiza beringi. Angalia na meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoana, nunua seti nzima, cheni na sproketi zake. Cheni mpya kwenye meno ya zamani ni hela ya bure, hata fundi akikuapia vipi.

Ukifunga, alama za kushoto na kulia pale kwenye ekseli ya tairi la nyuma zilingane.

Halafu hiyo oili chafu ya gereji wanayopaka kwenye cheni, achana nayo. Inanasa vumbi la Kilwa Road na kugeuka msasa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, paka oili safi ya gia kidogo upande wa ndani. Mvua ikikunyeshea, rudia jioni hiyohiyo. Na wale wa kuosha kwa presha, waambie wasielekeze maji kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu.