Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Pole sana, kaka. Maumivu uliyoeleza, ya kuanzia kalioni hadi kwenye unyayo, tena yanayozidi ukikaa muda mrefu kwenye bodaboda, yanafanana na ya neva ya siatiki, yaani neva kubwa inayotoka kiunoni kushuka mguuni. Mara nyingi diski ya uti wa mgongo (kile kijito laini kati ya pingili) huwa imebana mzizi wa neva hiyo, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji. Usilale kutwa, tembea kidogo kidogo, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi. Eksirei uliyoambiwa upige haionyeshi neva, tunza hela yako kwanza. Dawa za maumivu muulize mfamasia, hasa kama una vidonda vya tumbo. Mguu ukilegea, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukigoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.