Ukienda kuwaona sokwe wa Nanyuki, usifike saa sita mchana

Mtu wa Arusha kwenda Kenya kutazama sokwe ni kama Mpemba kwenda Dodoma kununua karafuu. Sisi tuna Gombe, tuna Mahale; Kenya haina hata sokwe mmoja wa porini. Shemeji yangu alinicheka njia nzima kuanzia Namanga. Lakini harusi iliyotupeleka Nairobi ilikwisha Jumamosi, nikabakiwa na siku mbili, nikapanda matatu ya Nanyuki, kama kilomita 200, kwenda makao ya Sweetwaters yaliyo ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta.

Nilifika saa sita. Jua linawaka, sokwe wamejilaza vichakani, nikaambulia mgongo mmoja na sikio. Kumbe wanalishwa kwa ratiba, na ni wakati wa chakula ndipo wanaposogea karibu na uzio. Uliza getini saa za siku hiyo, kisha vifaru na wengine uwapange kabla au baada. Ndani hutembei kwa miguu, kuna simba, kwa hiyo utahitaji gari. Ukikodi teksi Nanyuki, patana na bei ya kusubiri kabisa kabla hujapanda. Mimi sikupatana, na niliporudi tena alasiri nililipia ujinga wangu.

Alasiri niliweka simu mfukoni nikamganda mtunzaji, na hapo ndipo safari ilipoanza kuwa na maana. Makao yalifunguliwa mwaka 1993, na sokwe wa kwanza walitoka Bujumbura, Burundi ilipoingia vitani. Wakimbizi, kwa kifupi. Alitusimulia habari za Poco, aliyefungiwa miaka mingi huko Bujumbura kwenye kizimba chembamba ili avute wateja. Nafasi ilikuwa ya kusimama tu, ndiyo maana akazoea kutembea wima kama mtu. Nyuma yangu kulikuwa na vijana waliokuwa wakiiga milio ya sokwe. Waliacha.

"Kaka, mbona hamuwarudishi msituni?" nikauliza.

"Msitu upi? Mama zao waliuawa wakiwa wadogo. Nani aliwafundisha tunda lipi linaliwa?"

Ukiwa na mafua, ahirisha. Mafua yetu yanaweza kumuua sokwe, na mtunzaji hana namna ya kujua kwamba umemeza dawa asubuhi ili usipige chafya. Usirushe chakula. Akikurushia wewe bonge la udongo, maana wanarusha na shabaha wanayo, sogea tu.

Siku hizi nikisikia kuna mahali wanaokoa wanyama, huuliza kwanza kama mgeni anaruhusiwa kubeba mtoto wa mnyama apigwe picha. Wakisema ndiyo, siendi, hata kama bango limeandikwa uhifadhi. Swali langu la pili linahusu vitoto. Sweetwaters majike hupewa dawa za kuzuia mimba, kwa sababu kazi yao ni kuwatunza waliookolewa, si kuzalisha wengine wa kuishi ndani ya uzio. Penye vitoto vipya kila msimu wa watalii, ulizia mama zao wako wapi.

Na beba sweta. Ikweta inapita hukohuko, lakini jioni upepo wa Mlima Kenya ulinipeleka moja kwa moja kwa muuza majaketi ya mtumba pale Nanyuki mjini.