Jibu: Je, farasi wa aina ya Paso wa Peru anayetupa miguu nje ana kilema?

Ndugu, uliuliza kama yule Paso wa Peru uliyemwona akizungusha miguu ya mbele kwa nje ana kilema. Si lazima. Mzunguko huo huitwa término, na ni sifa ya aina hiyo, ila uanzie begani.

Mtazame kwanza akiwa amesimama. Kwato zikielekea mbele sawasawa na mguu mzima ukizunguka kutoka begani, hiyo ni término halisi. Lakini kama kwato zimegeukia ndani na kinachorushwa nje ni sehemu ya chini ya goti tu, hapo ni upogo wa miguu. Kwato zilizogeukia nje hufanya kinyume: huingia ndani na huweza kugonga mguu wa pili.

Telki yake, yaani mwendo wake laini wa mapigo manne (nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia) ni jambo jingine. Hiyo inategemea sana neva za uti wa mgongo. Mwaka 2012 watafiti waliihusisha na badiliko katika jeni ya DMRT3. Umbo huongeza ubora tu: bega lililolala hurefusha hatua.

Mimi ningekagua zaidi vifundo vya nyuma. Vikishuka karibu na ardhi, usivutiwe na ulaini wa mwendo. Aina hii inajulikana kwa ugonjwa wa kano zinazoshikilia kifundo, na hauna tiba. Mwite daktari wa mifugo kabla hujalipa.