Swali la lugha: "ya sumakuumeme" au "ya kisumaku na ya kiumeme"?

Swali limetoka kwa msomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi: "Jambo Mwalimu. Niko mwanafunzi wa fizikia. Naandika kwa Kiswahili muhtasari wa kazi yangu ya mwisho, ili wazee wa nyumbani na wanafunzi wa sekondari wausome. Kwa Kifaransa kichwa ni anisotropie magnétique et électrique des couches minces de manganites. Nimeandika 'Anisotropia ya sumakuumeme ya filamu nyembamba za manganiti'. Ni sawa?"

Jambo, mwanangu. Hapana, na tatizo kubwa liko kwenye sumakuumeme. Neno hilo lina kazi yake tayari: mawimbi ya sumakuumeme ni mwanga, ni redio, ni eksirei. Ukiliweka kwenye kichwa chako, msomaji atadhani umepima mawimbi. Wewe umepima vitu viwili kwenye kipande kimoja: usumaku wake unapendelea mwelekeo upi, na ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme, unabadilikaje mkondo ukipitishwa kwa urefu au kwa kukingama. Andika "anisotropia ya kisumaku na ya kiumeme". Ile "ya ki-" ya pili usiiache. Ukisema "anisotropia ya kisumaku na umeme", msomaji anaona anisotropia, halafu anaona umeme umesimama peke yake bila kujua umefuata nini.

Nang'ang'ania viunganishi hivi kwa sababu fizikia yenyewe inavidai. Mambo hayo mawili yanagusana: mwaka 1857 William Thomson alionyesha kwamba ukinzani wa chuma hubadilika kufuatana na pembe iliyopo kati ya mkondo na usumaku. Lakini ukinzani unaweza pia kutofautiana kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano vingazi vidogo vilivyo kwenye uso wa fuwele iliyobeba utando (ile uliyoiita filamu). Kichwa kinachoyayeyusha mawili kuwa neno moja kinamnyima msomaji swali lenyewe: je, hapa umeme unafuata usumaku, au kila mmoja una sababu yake?

Neno anisotropia libaki, ila lifafanue mara moja mwanzoni: tabia ya kitu kubadilika kufuata mwelekeo. Wazee wataelewa upesi ukiwakumbusha kwamba gogo hupasuka kirahisi kwa kufuata nyuzi zake na hukataa ukilikata kwa kukingama. Hapo tumia mwelekeo, usitumie upande. Utando una pande mbili, ule uliolalia fuwele na ule ulio wazi, kwa hiyo "inategemea upande" itasomeka kama umegeuza kipande juu chini.

Sasa filamu. Anayesikia "filamu nyembamba" mjini hapa anawaza sinema. Tunalo neno utando, lile la buibui na la maziwa yaliyopoa, nalo linafaa sana. Angalia tu upatanisho: utando mwembamba, tando nyembamba. Ukipenda tabaka, sema tabaka jembamba, matabaka membamba. Nimeona mara nyingi "matabaka nyembamba" kwenye maandishi ya wasomi, na inaumiza sikio.

Ndani ya muhtasari, vitenzi vya kawaida vitakusaidia kuliko istilahi. Chukua manganiti ya La0.7Sr0.3MnO3, yenye lanthanamu, strontiamu, manganisi na oksijeni. Nafasi ambayo mpangilio wa atomi zake hujirudia ni karibu angstromu 3.88 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ikioteshwa juu ya fuwele ya strontiamu titanati, yenye nafasi ya 3.905, utando unavutwa kwa mapana, kimo chake kinapungua, na usumaku hulala ndani ya utando. Juu ya lanthanamu aluminati, yenye nafasi ya 3.79 hivi, utando unabanwa na usumaku huelekea kusimama wima. Kuvutwa, kubanwa, kulala, kusimama: mwanafunzi wa sekondari hatakwama popote. Ile axe facile ya Kifaransa, yaani mwelekeo ambao usumaku hupenda kuufuata, usiifanye "mhimili rahisi", maana rahisi ni pia kitu cha bei ndogo, wala "mhimili mwepesi", ambao utapimwa kwa kilo. Sema "mhimili unaopendelewa".

Kuhusu courant: nyumbani tunaliita hivyo kila kitu kinachowasha taa, lakini kwenye karatasi yako umeme ni jambo lote kwa ujumla, na mkondo ni kile kinachopita na kupimwa kwa ampea.

Manganiti ni sahihi kwa umbo, ila kumbuka unaandikia watu wa Katanga. Madini ya manganisi ya Kisenge yanajulikana huku, na manganiti ni jina la madini mojawapo ya manganisi, MnO(OH), yanayochimbwa ardhini. Mzee aliyefanya kazi mgodini atakuuliza umeyatoa shimo gani. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iseme "manganiti zenye muundo wa perovskiti, zinazotengenezwa maabara", ueleze kwamba perovskiti ni namna ya kupangika kwa atomi ndani ya fuwele, kisha uendelee na manganiti tu.

Kichwa chako kiwe: "Anisotropia ya kisumaku na ya kiumeme katika tando nyembamba za manganiti". Na utakapofika kwenye joto ambalo usumaku wa manganiti hiyo hupotea, andika "kelvini 370 hivi". Digrii ni za selsiasi. Kelvini haizihitaji tangu 1967.