Fonti ya kizamani imeziba kwenye mfuko wa kahawa

SWALI: Lebo ya kahawa yangu imeandikwa kwa fonti nene ya kizamani, ile yenye mikwaruzo kama bango kuukuu. Kwenye kompyuta inavutia. Kwenye mifuko ya kaki ya gramu 250, neno KAHAWA limetoka vizuri ila maelezo ya chini yamekuwa madoa matupu. Aliyenichorea anasema tupandishe DPI (wingi wa nukta kwa kila inchi) hadi 600. Itasaidia? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Haitasaidia. DPI imekuwa panadoli ya mafundi wa steshenari: kila ugonjwa, dawa ni hiyo hiyo. Herufi za fonti ya kawaida ni mistari inayochorwa kwa hesabu, si picha. Ikuze hadi urefu wa ghorofa, kingo zake hazivunjiki.

Kilichokuponza ni wino. Karatasi ya kaki hunywa wino, nao husambaa kidogo kabla haujakauka. Kitundu cha mkwaruzo ndani ya herufi ndogo, chembamba kama unywele, kinajaa. Kwenye neno kubwa kitundu hicho hicho ni kipana, kinapona. Maelezo ya chini yaandike kwa fonti safi isiyo na mikwaruzo. Hizi nene ni za vichwa na mabango tu.

Sasa nije kwenye linalonikera. KAHAWA ina A tatu. Uchukue mfuko wako uuangalie kwa karibu: nina hakika kovu lililo kwenye mguu wa A ya kwanza lipo pale pale kwenye ya pili na ya tatu. Huo si uzee, ni mhuri. Tangu Darius Wells wa New York aanze kuchonga herufi za mbao kwa mashine mwaka 1827, neno lenye A tatu lilihitaji vipande vitatu vya mbao, kila kimoja na makovu yake. Fonti iliyotengenezwa na mtu makini huja na sura mbili tatu za kila herufi. Yako kama haina, mchoraji aligeuze neno kuwa umbo la kuchorwa, lisiwe maandishi tena, kisha azikwaruze A mbili kwa mkono, moja moja.

Tena wachapaji wa enzi hizo hawakuyataka makovu hayo! Herufi ikilika na kupungua kimo, walibandika karatasi chini yake ifikie wenzake, ichape nyeusi tii. Leo mtu anapakua fonti ya bure, anabonyeza mara moja, anakutoza hela ya "ubunifu". Nawaona kila wiki, na wateja wao ndio wanaokuja kwangu na mifuko elfu isiyouzika.

Chapa mfuko mmoja kwanza, kwenye kaki ile ile na kwa ukubwa ule ule, kisha usome ukiwa umesimama hatua mbili. Na mwambie aliyekuchorea akuonyeshe leseni ya fonti. Nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu, na kahawa iliyo dukani ni biashara.