Duni, hafifu, feki: lipi litumike wapi?

SWALI: Nimemwandikia muuzaji barua kulalamikia nondo alizoniuzia, nikaziita "nondo feki". Mwenzangu anasema ningeandika "duni". Fundi naye anaziita "hafifu". Maneno haya yanatofautianaje, na asili yake ni ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Neno "feki" liondoe kwanza. Limetoka katika Kiingereza na siku zote hubeba tuhuma ya udanganyifu: kwamba kitu kimevishwa jina au nembo isiyo yake. Kama huna ushahidi kuhusu nembo, umemtuhumu mtu kwa kosa usiloweza kulithibitisha, na lalamiko lako la haki linapoteza nguvu.

"Duni" ni la Kiarabu, *dun*, yaani chini ya, pungufu ya. Wasomaji wa Kurani wanalikuta katika *min duni-llahi*, asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Kule Kuwait, watu wasio na uraia huitwa *bidun*, "bila", na mzizi ni huohuo. Kwa hiyo duni ni neno la kulinganisha: kitu ni duni kwa sababu kipo kipimo ambacho hakikukifikia. Ukiandika "bidhaa duni" bila kukitaja kipimo hicho, umeiacha sentensi nusu.

"Hafifu" nalo ni *khafif* ya Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni -epesi. Kiswahili kimelivuta hadi kwenye udhaifu: mwanga hafifu, harufu hafifu, kitambaa hafifu kinachoonyesha vidole ukikishika. Kwenye nondo, fundi wako amelipatia kuliko nyote, maana uzito ndio unaoifichua nondo. Zidisha kipenyo kwa kipenyo katika milimita, gawanya kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 inatoa karibu kilo 0.89 kwa mita, hivyo pande la mita 12 linapaswa kuwa na takriban kilo 10.7. Mizani ikisoma kilo 9, umeuziwa nondo ya milimita 11. Hiyo ni hafifu kwa maana ya Kiarabu na ya Kiswahili kwa pamoja.

Kwenye barua, hata hivyo, tumia duni, kwa kuwa sasa kipimo unacho. Andika basi: "Nondo ulizoniuzia ni duni. Zimeuzwa kama milimita 12, lakini pande la mita 12 lina kilo 9 badala ya kilo 10.7." Pima mapande kadhaa, si moja, na upime urefu pia, kwa sababu pande lililokatwa fupi nalo litakuwa jepesi hata kama unene wake ni sahihi.

Tofauti hii ya duni na feki inaamua hata mlango wa kubisha. Tanzania, suala la kiwango ni la Shirika la Viwango (TBS). Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kenya nako kuna KEBS kwa viwango, na mamlaka nyingine kwa bidhaa ghushi, iliyotokana na sheria ya 2008. Hilo "ghushi" pia ni la Kiarabu, na kiini chake ni hila.

"Bandia" ni pana zaidi, na tunasikitika kuona likichanganywa na feki kila siku. Meno bandia na mguu bandia havimdanganyi mtu. Vimetengenezwa kushika nafasi ya kitu halisi, na vinaweza kuwa bora sana. Hakuna daktari anayeweka meno feki.

SWALI: Je, ni sahihi kusema "viti viduni"? Na kwa nini wengine huandika "khafifu"? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Si sahihi. Duni, hafifu, dhaifu na rahisi ni vivumishi vilivyotoka Kiarabu na havipokei viambishi vya ngeli: kiti duni, viti duni, magari hafifu. Cha Kibantu ndicho kinachobadilika: kiti kibovu, viti vibovu, gari bovu, simu mbovu. Lakini -bovu si kisawe cha duni. Embe bovu huenda juzi lilikuwa zuri, limeharibika. Kiti duni kilitoka kwa seremala hivyohivyo, na kinaweza kuwa kipya kabisa.

"Khafifu" ni umbo linalofuata matamshi ya Kiarabu. Katika maneno mengi, kh hiyo imelainika kuwa h: habari, hatari, hofu. Katika "masalkheri" kh imebaki. Kwa maandishi sanifu tumia "hafifu".

Neno "rahisi" nalo lilianza na bei: *rakhis* ni kitu cha bei ya chini. Ndiyo maana methali husema "Rahisi huvunja upishi". Msomaji anayelijua kwa maana ya "si ngumu" tu ataishangaa methali hiyo, kwa sababu inasema juu ya viungo vya bei ya chini vinavyoharibu chungu kizima.