Maswali na Majibu: Kidole Chako Kiko Wapi?

Barua zimejaa tena. Wiki hii nimechagua za wanaojiandaa kwenda darasa la bastola ya kujihami, lile la vitendo, la raia wa kawaida. Zilizouliza rangi gani ya bastola inapendeza nimeziweka pembeni, wenyewe wanajijua.

Mwalimu, naanza darasa mwezi ujao. Ninunue bastola ya risasi ya 9 mm au ya .45?

9 mm, ile yenye risasi nyembamba kati ya hizo mbili. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na kila nikilijibu linarudi limebadilisha nguo. Hata FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, iliyokimbilia risasi kubwa baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986 yaliyoua maofisa wake wawili, ilizunguka weee, mwishowe ikarudi kwenye 9 mm. Teke lake linavumilika, magazini, kile kikasha cha risasi, inabeba risasi nyingi zaidi, na kwa kuwa risasi zake ni nafuu utafanya mazoezi badala ya kuzitazama kabatini.

Swali ambalo hukuniuliza ndilo la maana: je, bastola inakuenea mkononi? Ishike barabara, kisha tazama kama ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye triga, yaani kifyatulio, bila mkono kujipinda. Kama haifiki, hiyo si yako, hata kama ni zawadi. Wenye darasa wakiwa na za kuazimisha, azima kwanza. Wengi hununua siku chache kabla ya darasa, na darasa halijaisha wameshaanza kutamani ya jirani.

Nina leseni na nimepiga shabaha miaka kumi. Siku mbili za darasa zitaniongezea nini?

Ndugu yangu, leseni ni ruhusa ya kumiliki. Haijamfundisha mtu kitu. Na hiyo miaka kumi naiheshimu, lakini niambie: ni mara ngapi umeitoa bastola chini ya shati? Umewahi kupiga huku miguu inatembea? Kwa mkono wa kushoto peke yake? Karatasi yako imesimama palepale kila siku, hakuna anayekukimbiza, na bastola ikikwama unainua mkono mtu aje akusaidie. Huo ni mchezo, tena mchezo mzuri, na jicho lako litakuwa limenoleka. Lakini jicho ni sehemu moja tu ya kazi.

Darasa la maana huanza kwa kukaa. Saa nzima au zaidi hakuna mlio, ni kuzungumza usalama na sheria. Kisha mnatoa bastola tupu kwenye holsta, ala yake ya kiunoni, polepole, hatua kwa hatua: mkono wa pili unaondoa shati na kutulia kifuani, mkono wa bastola unashika, unainua, unaelekeza mbele, mikono inakutana, inanyooka. Mara hamsini. Wajuzi huchoka hapa na kuanza kuchungulia simu. Ndipo zinakuja risasi, kubadilisha magazini, bastola kukwama, kusogea kando, kugeuza kichwa kutazama nani mwingine yuko.

Mwishoni karatasi hubadilika na kuwa picha za watu. Mmoja ana kisu, mwingine ana simu, mwingine amebeba mtoto. Unageuka, unaona, unaamua. Nimeshuhudia wapiga shabaha hodari wakimtoboa mwenye simu. Tundu limekaa katikati kabisa ya kifua, safi, la kujivunia, na mwenye kifua hana kosa lolote. Mtu husimama mbele ya karatasi ile kimya kwa muda mrefu. Kimya hicho ndicho unacholipia ada, na ukifika darasa lisilo na picha hizo, linalofundisha kupiga tu bila kufundisha kutopiga, dai ratiba mapema au tafuta jingine.

Nilifokewa kwa sababu kidole kiligusa triga, na bastola haikuwa na risasi. Ukali wote huo wa nini?

Wa kukuokoa wewe na jirani yako. Kaa hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo nyimbo yangu na sitaacha kuiimba.

Jeff Cooper, mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyeanzisha mwaka 1976 kule Arizona shule ambayo leo inaitwa Gunsite, ndiye aliyezipanga kanuni nne ambazo karibu kila darasa la raia linazifuata. Kwa maneno yangu ni hivi: kila bastola ihesabu ina risasi, mdomo wake usimwelekee mtu wala kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga na umekusudia kupiga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Uzuri wake ni kwamba mpaka mtu aumie, lazima uwe umevunja zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Wewe unaniambia "haikuwa na risasi", maana yake ya kwanza umeshaivunja. Kidole ndani ya triga, ya tatu hiyo. Umebakiza nini?

Tena mwili una mambo yake. Ukijikwaa, ukishtuka, au mkono mwingine ukikamata kitu kwa nguvu, vidole vya mkono wenye bastola navyo hubana bila kukuomba ruhusa. Triga nyingi za kisasa hukubali kwa uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Mkono ulioshtuka unabana kuliko hapo mara kadhaa.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo: ni kidole cha shahada kilichonyooka ubavuni mwa bastola, juu ya triga, kimetulia.

Nami sikuzaliwa najua. Katika darasa langu la kwanza nilivaa shati lenye kola wazi. Ganda la risasi, la moto kama kaa, lilirukia shingoni likateremka kifuani. Nikajipindua nikirukaruka, bastola mkononi, mdomo wake ukapita juu ya wenzangu wawili. Kidole kilikuwa nje. Ni hilo tu lililonifanya leo niandike hapa. Mkufunzi hakufoka, alinishika kifundo cha mkono, akaurudisha mbele, akasema, "Acha ikuunguze." Alama ya ule moto ilishapona. Neno lile bado liko.

Nibebe nini siku hiyo?

Watakupa orodha, ifuate. Mimi naongeza yale ambayo watu huyadharau. Mlio wa bastola huvuka desibeli 140, na kwa kiwango hicho hata mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Basi weka vizibo ndani ya masikio na juu yake vile vya kufunika, hasa mkiwa chini ya paa. Miwani ya kinga ya kweli, si ya jua ya mtaani. Kofia yenye ukingo mbele. Kola iliyofunga, sababu umeshaisoma.

Holsta iwe ngumu, ifunike triga yote, na mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Zile laini za kitambaa hujifunga, na wewe kwa kuzifungua unatumia mkono wa pili, mbele ya mtutu wako mwenyewe. Koti lenye vikamba vya kukazia kiunoni liache nyumbani, au kata vikamba. Niliwahi kumzuia mwanafunzi aliyekuwa anarudisha bastola harakaharaka; kishikizo cha kamba ya koti kilikuwa kimeshaingia ndani ya holsta, kikisubiri triga ifike. Kamba haijui kanuni ya tatu.

Magazini tatu au zaidi, maji ya kunywa, na sabuni. Sabuni ni kwa ajili ya risasi ile nyingine, madini, inayobaki mikononi na usoni kama vumbi. Usile kabla ya kunawa, wala usimbebe mtoto na nguo zile.

Mwalimu, je, siku ya kwanza tutafundishwa lile zoezi la Msumbiji, risasi mbili kifuani moja kichwani?

Hapana. Siku ya kwanza utafundishwa kuirudisha bastola kwenye holsta bila kujipiga mguu.

Mimi ni mwanamke, mikono yangu haina nguvu, nashindwa kukoki, yaani kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ili risasi iingie. Mume wangu amenitafutia kabastola kadogo ili kanirahisishie.

Dada, nguvu unazo, njia ndiyo hukuonyeshwa. Wengi hubana sehemu ya juu ya bastola kwa kidole gumba na cha shahada kama wanaovuta mlango wa droo. Acha. Ilete karibu na kifua, mdomo ukitazama mbele kwenye shabaha, kidole nje ya triga. Shika slaidi, ndiyo hiyo sehemu ya juu, kwa kiganja kizima, kwa juu, nyuma ya tundu linalotokea maganda. Halafu usivute: mkono wenye bastola uusukume mbele kwa nguvu huku huu mwingine umeng'ang'ania. Ikifika mwisho, iachie ghafla, usiisindikize kurudi. Wanawake wengi niliowafundisha hivi walikoki siku hiyohiyo, na walioshindwa tuliwabadilishia bastola.

Sasa kuhusu zawadi ya shemeji yangu. Amekupenda, sina ugomvi naye, lakini amekosea. Bastola ndogo mara nyingi ina springi ngumu zaidi, na kwa kuwa ni nyepesi, teke lote linakuja mkononi mwako. Ndogo ni rahisi kuficha. Kupiga ni shughuli nyingine. Nenda kajaribu ya ukubwa wa kati, wewe mwenyewe, yeye abaki nyumbani siku hiyo.

Ikikwama nifanye nini?

Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi mpaka mwisho na uachie, tazama tena kama bado kuna haja ya kupiga. Watu huruka hatua ya tatu. Lakini ukisikia mlio hafifu, "puf", na teke halikuja, SIMAMA, inua mkono wa pili. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake bastola inaweza kupasuka mikononi mwako.

Nimesikia mtu mwenye kisu akiwa ndani ya mita 7 unaruhusiwa kumpiga. Ni kweli?

Si kweli, na nani kawaambia neno "unaruhusiwa"?

Chanzo chake ni polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliyeandika makala mwaka 1983. Alikuwa na swali la kawaida la darasani: mtu mwenye kisu anahitaji muda gani kuvuka futi 21, kama mita 6.4? Jibu lilikuwa sekunde moja na nusu hivi, karibu sawa na muda ambao mpiga shabaha aliyefundishwa huhitaji kutoa bastola na kupiga. Basi. Ni kipimo cha muda, hakuna sheria hapo. Walioisikia juujuu wakaigeuza mstari wa kuchora chini: akivuka, piga. Anayekuja kukuuliza njia akiwa na kisu cha kumenyea chungwa naye yuko ndani ya mita 6.

Mahakama, popote ulipo, itauliza mengine. Alikuwa na uwezo wa kukuua au kukujeruhi vibaya? Alikuwa na nafasi, au kulikuwa na mto kati yenu? Nia yake ilionekana kwa matendo, wakati uleule? Na wewe, hukuwa na njia nyingine? Undani wa majibu hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kaa na wakili wa kwako kabla hujakaa na bastola.

Funzo la Tueller mimi nalisoma kinyume na mnavyolisoma: muda huna, kwa hiyo ondoka mapema. Weka gari au meza katikati, vuka barabara, mwachie simu yako aondoke nayo. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wakuchekee.

Naweza kujifunza kwa video tu?

Video haikioni kidole chako.

Mazoezi ya nyumbani bila risasi ni salama?

Ni salama na ndiyo yatakayokujenga, kwa masharti. Risasi zote ziende chumba kingine. Fungua chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, tazama kwa jicho, kisha ingiza kidole uguse. Lenga upande ambao ungezuia risasi kweli, si ukuta mwembamba wenye kitanda cha mtoto nyuma. Dakika kumi zinatosha. Ukimaliza sema kwa sauti, "Nimemaliza", hata kama watakucheka. Hatari haiko kwenye zoezi, iko baada yake: umerudisha magazini yenye risasi, umeridhika, halafu mkono unatamani "moja tu ya mwisho". Kuna televisheni zimekufa kwa hiyo moja ya mwisho.

Kwa nini darasa la bastola lina kipindi cha kufunga majeraha? Nililipia kupiga.

Kwa sababu mko watu kadhaa uwanjani na kila mmoja ana chuma kinachotoboa. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kummaliza mtu, na gari la wagonjwa haliji kwa dakika chache. Jifunze kukaza turniketi, mkanda wa kuzuia damu, juu ya jeraha, kati yake na moyo, si juu ya kiungo, mpaka damu ikome, na uandike saa. Itauma, mwache alie. Ujuzi huu utautumia barabarani kabla ya ule mwingine.

Mkufunzi alinitoa darasani siku ya kwanza kwa sababu niligeuka kumuuliza swali nikiwa na bastola mkononi. Ilikuwa mara ya pili tu. Naweza kudai nirudishiwe ada?

Hapana.